Dian Fossey: Mwanamke aliyelinda msitu wa mipaka mitatu

NGAGARA, Bujumbura – Mfanyabiashara anayeshusha mzigo katika soko la Kwa Siyoni, Ngagara, hahitaji kufundishwa maana ya mpaka. Anazijua foleni, mihuri, karatasi za gari zilizokwisha muda, na askari mmoja anayeweza kuamua kama utalala upande huu au upande ule.

Julai 1967, mwanamke mmoja Mmarekani alivuka mpaka wa Kongo na Uganda pale Bunagana kwa ujanja ambao mtu wa soko angeuelewa mara moja. Askari walikuwa wamemshusha mlimani kwa nguvu na kumweka chini ya ulinzi huko Rumangabo kwa wiki mbili hivi. Mashariki ya Kongo ilikuwa katika machafuko na wageni walitiliwa shaka. Akawaambia walinzi wake kwamba gari lake halijasajiliwa ipasavyo, na kwamba fedha za kulipia anazo Kisoro, ng'ambo ya pili. Walinzi wakaona faida, wakamsindikiza. Alipofika Kisoro aliingia katika hoteli ya Mjerumani aliyekuwa rafiki yake, jeshi la Uganda likaitwa, na waliokamatwa wakawa wale waliomsindikiza.

Mwanamke huyo alikuwa Dian Fossey, mwenye umri wa miaka 35. Wengine wangepanda ndege kurudi kwao. Yeye alivuka mpaka mwingine, akaingia Rwanda, na miezi miwili baadaye alikuwa amepiga hema katika safu ileile ya milima ya Virunga, safari hii upande wa pili. Wanyama aliowafuata hawakuwa na habari ya mipaka. Asubuhi wanakula mianzi Rwanda, jioni wanalala Kongo.

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu auawe. Wanyama aliodhani wangetoweka mbele ya macho yake wameongezeka zaidi ya mara mbili. Namna walivyoongezeka, na nani aliyelipa gharama yake, ni habari inayoihusu nchi yoyote ya Maziwa Makuu yenye msitu mpakani, Burundi ikiwamo.

Habari iliyoanzia Usumbura

Gorila wa milimani, ambao Wanyarwanda na Warundi huwaita ingagi, walijulikana na wenyeji wa Virunga tangu zamani. Lakini wanasayansi wa Ulaya waliwajua kwa safari iliyoanzia Usumbura, kituo cha kijeshi cha Wajerumani ambacho leo ndicho Bujumbura.

Mwaka 1902 Kapteni Robert von Beringe aliondoka Usumbura kwenda kaskazini kuwatembelea watawala wa maeneo ambayo Ujerumani ilidai ni yake. Oktoba mwaka huo, akipanda mlima Sabinyo, aliwaona nyani wakubwa weusi na kuwapiga risasi wawili. Mmoja alipatikana korongoni, na mabaki yake yakapelekwa Berlin. Mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie alimpa mnyama huyo jina la kisayansi linalotokana na jina la kapteni huyo. Mwaka huohuo Beringe aliongoza vita dhidi ya Mwami Mwezi Gisabo, vita vilivyoishia kwenye mkataba wa Kiganda.

Baada yake walikuja wawindaji na wakusanyaji wa makumbusho. Mmoja wao, Mmarekani Carl Akeley, aliwaua gorila kadhaa mwaka 1921 kwa ajili ya makumbusho ya New York, kisha akajuta. Alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuitenga milima hiyo, na mwaka 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika. Akeley alifariki mwaka uliofuata na kuzikwa Kabara, kwenye miteremko ya mlima Mikeno.

Hifadhi ile ilikuwa moja chini ya utawala mmoja wa Kibelgiji. Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960 na Rwanda mwaka 1962, ikagawanyika. Upande wa Uganda ulikuwa na utawala wake tangu mwanzo. Msitu ukabaki mmoja, wenye walinzi wa nchi tatu na sheria za nchi tatu. Huo ndio msitu ambao Fossey aliukuta.

Mtaalamu wa watoto walemavu

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo. Mama aliolewa tena na mjenzi mwenye uwezo, lakini nyumba ile ilikuwa baridi kwa mtoto: kwa miaka mingi hakuruhusiwa kula chakula cha jioni meza moja na wakubwa. Faraja yake ilikuwa farasi.

Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Fizikia na kemia zikamshinda, akahamia kwenye kozi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu kurudi katika shughuli za kila siku. Alihitimu mwaka 1954 na kwenda Kentucky, ambako alifanya kazi katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville. Waliomfahamu walisema alikuwa na subira ya pekee kwa watoto waliojifungia ndani ya nafsi zao. Alijua kukaa kimya kando ya mtoto mpaka mtoto mwenyewe amsogelee. Ujuzi huo ndio alioutumia baadaye msituni.

Mwaka 1963 alichukua mkopo wa dola 8,000, akaja Afrika Mashariki kwa wiki saba. Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akichimbua mifupa ya watu wa kale. Huko aliteleza na kuumia kifundo cha mguu, lakini wiki mbili baadaye alikuwa akipanda Mikeno kwa fimbo. Kabara, karibu na kaburi la Akeley, aliwaona gorila kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu baadaye Leakey alikwenda Louisville kutoa mhadhara. Alikuwa akitafuta mtu wa kukaa na gorila kwa muda mrefu, kama Jane Goodall alivyokuwa akikaa na sokwe wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, tangu mwaka 1960. Fossey hakuwa na shahada ya elimu ya wanyama. Leakey alimchagua hivyohivyo.

Desemba 1966 alirudi Afrika. Alipita Gombe kuona Goodall anavyofanya kazi, kisha Januari 1967 akaanza kambi Kabara. Aliyemfundisha kufuata nyayo alikuwa Mkongomani, Sanwekwe, mlinzi wa hifadhi aliyewahi kufanya kazi na mtafiti George Schaller kabla ya uhuru. Bila macho ya Sanwekwe, mgeni yule angezunguka tu ndani ya ukungu. Miezi sita baadaye askari wakafika, na ndipo safari ya Bunagana ikatokea.

Kambi kati ya milima miwili

Tarehe 24 Septemba 1967 alianzisha kambi mpya upande wa Rwanda, katika bonde lililo kati ya mlima Karisimbi na mlima Visoke. Aliunganisha majina hayo mawili akapata Karisoke. Ilikuwa mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali pa mvua, tope na baridi ya kuingia mifupani.

Msitu wa Virunga una ngazi zake. Chini ni mianzi, ambayo machipukizi yake huwavuta gorila kila msimu. Juu yake kuna miti mikubwa ya hagenia, yenye mashina yaliyovikwa kuvumwani kama manyoya ya kijani. Chini ya miti hiyo huota mimea ya majimaji: selari pori, mibaruti, majani ya kuwasha na mimea inayotambaa. Hicho ndicho chakula cha gorila. Juu zaidi ni lobelia wakubwa, halafu mawe na barafu ya asubuhi. Ndani ya ngazi hizo waliishi pia tembo, nyati, mbawala, funo na kima wa dhahabu.

Gorila mkubwa hula kilo nyingi za majani kila siku, na kundi huhama bila kumaliza chakula cha mahali pamoja. Mimea mingi wanayoikanyaga huchipua tena haraka. Tatizo lilikuwa ng'ombe. Wafugaji walikuwa wakiingiza makundi makubwa ndani ya hifadhi, na palipopita ng'ombe kila siku majani yaliisha na gorila wakasukumwa juu, kwenye baridi na chakula kidogo. Ng'ombe walipoondolewa, majani yalirudi, na baada yake wakarudi gorila.

Fossey aliwazoesha wanyama hao kwa kuwaiga. Alijikuna kama wao, alitafuna selari, alitembea kwa kuegemea ngumi na kutoa sauti wanazotoa wakiwa wametulia. Aliwatambua kwa mikunjo ya pua, ambayo haifanani kati ya mmoja na mwingine, na aliichora katika daftari. Mwaka 1970 dume mmoja kijana alinyoosha mkono na kumgusa vidole. Picha za Bob Campbell zilizochapishwa katika jarida la National Geographic zilibadili fikra za watu wengi duniani: mnyama aliyeogopwa kama jini la msituni alikuwa mpole, mwenye familia na mwenye huzuni.

Wasaidizi wake wa Kinyarwanda aliongea nao Kiswahili cha kuungaunga, na Kiswahili hicho kikaingia katika majina ya gorila. Kulikuwa na jike aliyeitwa Macho, na mwanawe akaitwa Kweli. Majirani nao walimpa yeye jina: Nyiramachabelli, likielezwa kuwa ni mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Hekta 10,000 za pareto

Wakati Fossey akihesabu gorila, msitu wenyewe ulikuwa ukipungua. Mwaka 1969 hekta 10,000 hivi za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa na kugawiwa wakulima ili walime pareto, zao la dawa ya kuua wadudu, katika mradi uliofadhiliwa kutoka Ulaya. Zilikuwa karibu asilimia 40 ya hifadhi nzima. Zilizokatwa zilikuwa sehemu za chini, zenye joto na chakula kingi. Soko la pareto liliyumba dawa za viwandani zilipoenea, na baadaye viazi mviringo vikachukua sehemu kubwa ya mashamba hayo. Eneo la Kinigi, ambalo jina lake linajulikana kwa viazi, limo katika ardhi hiyo ya chini ya milima.

Kulaumu wakulima ni rahisi kwa aliyeshiba. Rwanda ilikuwa nchi ndogo yenye watu wengi, na familia zilizopewa mashamba zilikuwa na njaa ya ardhi. Schaller alikadiria gorila 450 katika Virunga mwaka 1960. Hesabu ya mwaka 1981 iliwapata 254 tu.

Biashara nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1969 bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani, ilitaka gorila, na watoto wawili wakakamatwa kwa ajili yake. Gorila hawamwachi mtoto achukuliwe wakitazama. Kwa maelezo ya Fossey, wakubwa 10 waliuawa kumpata mtoto mmoja, na wengine 8 kumpata wa pili. Aliwauguza watoto hao, Coco na Pucker, kambini kwake mpaka wakapona, kisha wakachukuliwa. Wote wawili walikufa Ulaya mwaka 1978.

Dola 20

Kati ya gorila wote aliowajua, aliyempenda zaidi alikuwa dume aliyeitwa Digit kwa sababu ya kidole chake kilichojeruhiwa. Alimwona akikua tangu utotoni. Picha yake ilitumika katika bango la kuwaita watalii Rwanda.

Tarehe 31 Desemba 1977 Digit alisimama kati ya familia yake na majangili pamoja na mbwa wao. Alichomwa mikuki mara kadhaa, lakini wenzake 13 walipata muda wa kukimbia. Kichwa na mikono yake vilikatwa. Aliyekamatwa alieleza kwamba waliahidiwa kitu cha thamani ya dola 20 hivi kwa viungo hivyo. Wakati huo vichwa vya gorila viliuzwa kwa wageni kama mapambo, na mikono ikageuzwa visahani vya majivu ya sigara.

Julai 1978 familia hiyohiyo ilipigwa risasi. Kiongozi wake na Macho waliuawa. Kweli, mwenye umri wa miaka mitatu, alijeruhiwa na akafa miezi mitatu baadaye.

Fossey alianzisha mfuko kwa jina la Digit, na fedha zake akazielekeza kwenye doria. Wanyarwanda wachache waliolipwa naye walipita msituni siku baada ya siku, wakikata mitego. Mingi haikutegwa kwa ajili ya gorila, bali mbawala na funo wa kitoweo, lakini kitanzi hakichagui. Gorila mdogo anayenaswa mkono hupoteza vidole, na mara nyingine kidonda huoza na kumuua.

Vita na majirani

Hapo ndipo sehemu ngumu ya maisha yake inapoanza. Doria haikumtosha. Majangili waliokamatwa aliwapiga au kuamuru wapigwe, wakati mwingine kwa majani ya kuwasha. Alichoma vibanda na mali zao. Baadhi ya ng'ombe waliokutwa msituni aliwapiga risasi, na wengine aliwashika mpaka wenyewe watimize alichotaka. Wakati mmoja alimchukua mtoto wa mtu aliyemshuku ili kumshinikiza baba.

Kwa mkulima au Mtwa aliyezaliwa chini ya mlima ule, msitu ulikuwa ghala la nyama, asali, kuni na maji kabla serikali yoyote haijachora mstari. Aliamka siku moja akaambiwa ni mwizi, na aliyemwambia alikuwa mgeni mwenye bastola. Hata wahifadhi wenzake walimwona anajenga chuki itakayowaangukia gorila wenyewe.

Mwaka 1979, wakati serikali ya Rwanda ikifikiria kukata hekta nyingine 5,000 kwa ajili ya ng'ombe, wahifadhi wengine walianza mpango tofauti. Walitaka kuzoesha makundi machache ya gorila ili watalii walipe kuwaona, kuwafundisha majirani thamani ya msitu kwa maji na mvua yao, na kuimarisha walinzi wa serikali. Hoja yao ilikuwa ya kimahesabu: msitu utabaki ukiingiza zaidi ya ng'ombe. Fossey aliupinga mpango huo kwa ukali. Aliona watalii wataleta magonjwa ya binadamu na kuwageuza gorila kuwa maonyesho, na kwamba wakati watu wanapanga semina majangili wanatega mitego.

Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Bila doria za Karisoke, kundi alilolisoma huenda lisingebaki hata na mnyama mmoja wa kuonyeshwa mtalii. Na bila fedha za watalii, hekta zile 5,000 zingeweza kuondoka.

Mwaka 1980 alikwenda chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kufundisha na kuandika. Kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilitoka mwaka 1983, na mwaka huo akarudi mlimani. Alikuwa mgonjwa wa mapafu na mvutaji mkubwa wa sigara. Viza zake zilikuwa za muda mfupi, na ilimbidi kushuka mara kwa mara kuomba upya. Desemba 1985 hatimaye alipewa ya miaka miwili.

Usiku wa Desemba

Hakuitumia. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake ya mabati. Fedha na vitu vya thamani havikuchukuliwa. Mfuatiliaji wa nyayo wa Kinyarwanda aliyewahi kumfanyia kazi alikamatwa na akafia gerezani kabla ya hukumu. Msaidizi wake wa utafiti, Mmarekani, aliondoka nchini na mwaka 1986 mahakama ya Rwanda ikamtia hatiani bila yeye kuwapo. Alikana, na wengi hawakushawishika na ushahidi uliotolewa. Muuaji wake mpaka leo ni suala la mjadala.

Alizikwa Karisoke, katika makaburi aliyowachimbia gorila wake, kando ya Digit. Miaka mitatu baadaye filamu kuhusu maisha yake ilienea duniani.

Hesabu baada ya kifo

Kilichofuata hakuna aliyekitabiri. Hesabu ya mwaka 1989 ilipata gorila 324. Mwaka 1991 mashirika ya uhifadhi yalianzisha mpango wa pamoja wa kusaidia Rwanda, Uganda na Kongo kuilinda milima hiyo kama msitu mmoja. Vita vikaingia. Karisoke iliporwa na kubomolewa mwaka 1994, na kazi yake ikahamia mjini Ruhengeri, ambao leo ni Musanze. Katika miaka hiyo yote walinzi na wafuatiliaji wengi walirudi msituni kila walipopata nafasi, mara nyingine bila mshahara. Upande wa Kongo, walinzi zaidi ya 200 wa Hifadhi ya Virunga wameuawa wakiwa kazini kwa miaka yote hii.

Mwaka 2003 gorila walikuwa 380, na mwaka 2010 wakafika 480. Hesabu iliyofanywa na nchi tatu kwa pamoja na kutangazwa mwaka 2018 ilipata 604 katika Virunga. Ukijumlisha wale wa Bwindi, Uganda, gorila wa milimani walivuka 1,000, na mwaka huohuo wakashushwa daraja moja katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini.

Fedha nazo ziongee. Kichwa na mikono ya Digit viliahidiwa dola 20, mara moja. Tangu mwaka 2017 mgeni anayekwenda kuwaona gorila wa Rwanda hulipa dola 1,500 kwa saa moja, na kundi moja hupokea wageni wasiozidi 8 kwa siku. Mwaka 2005 Rwanda ilianza kuwapa wananchi wanaopakana na hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Zimejengwa shule, zahanati na matangi ya maji. Watu waliokuwa wakitega mitego wamepata kazi ya kubeba mizigo ya wageni. Malalamiko hayajaisha: asilimia 10 ikigawanywa kwa watu wengi huwa ndogo kwa kila nyumba, na nyati akivuruga shamba la viazi hasara ni ya mtu mmoja.

Hofu ya Fossey kuhusu magonjwa nayo ilithibitika kuwa ya kweli. Gorila huambukizwa mafua ya binadamu, na baadhi wameyafia. Ndiyo maana wageni hutakiwa kukaa mbali nao na kuvaa barakoa.

Na soko halijaacha kuugonga mlango wa msitu. Julai 2007, upande wa Kongo, gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi usiku na kuachwa bila kukatwa hata kiungo kimoja. Hawakuuawa kwa ajili ya nyama wala mapambo. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makaa yanayopikwa kwa miti ya hifadhi na kuuzwa Goma. Kwa wenye biashara hiyo, gorila alikuwa sababu ya walinzi kuwapo.

Sasa limekuja tatizo ambalo Fossey angelipokea kwa mshangao: nafasi imekuwa ndogo. Makundi ya gorila yanakutana mara nyingi zaidi, yanapigana, na watoto wanakufa katika mapigano hayo. Ardhi ya chini waliyoihitaji ndiyo ile iliyokatwa mwaka 1969. Rwanda imetangaza mpango wa kuipanua hifadhi kwa karibu robo, na hilo lina maana ya kuhamisha familia na kuzijengea makazi mapya. Kipande kilichogawiwa kwa ajili ya zao lililoyumba, sasa kinarudishwa kwa bei kubwa mara nyingi.

Msitu unaoiangazia Ngagara

Burundi haina gorila wa milimani, lakini ina Kibira, hekta 40,000 hivi kwenye mgongo wa Kongo na Nile, msitu ambao zamani wafalme waliutunza kwa uwindaji wao na ambao mwaka 1980 ulifanywa hifadhi ya taifa. Upande wa Rwanda msitu huohuo unaitwa Nyungwe, na mwaka 2023 Nyungwe iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sokwe, kima na ndege wanaovuka kati ya majina hayo mawili hawaonyeshi pasi.

Maji yake yanafika mbali. Bwawa la Rwegura, lililo ndani ya Kibira, limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1986 na kwa miaka mingi lilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote ndani ya nchi. Taa inayowaka dukani Ngagara na friji inayohifadhi samaki wa Tanganyika zinadaiwa na mvua iliyonaswa na miti ile. Mito inayoshuka kutoka huko, kama Mpanda na Kagunuzi, ndiyo inayomwagilia mpunga wa Imbo unaouzwa sokoni.

Mianzi, mbao na magunia ya makaa nayo hufika sokoni, na mnunuzi mara chache huuliza yametoka wapi. Virunga ilikaribia kumalizwa na wanunuzi wa namna hiyo, waliokuwa mbali na hawakuwahi kushika panga: bustani ya Cologne, mgeni aliyetaka pambo la mezani, jiko la Goma.

Dian Fossey alijaribu kuuzuia mlango huo peke yake, kwa hasira, na ukamgharimu maisha. Waliokuja baada yake waliuzuia kwa kuwalipa majirani na kuhesabu pamoja wanyama wa nchi tatu. Kaburi lake bado liko Karisoke, chini ya miti ya hagenia. Wageni hupanda kwa saa kadhaa kulitazama, wakiongozwa na vijana waliozaliwa katika vijiji ambavyo yeye aliwahi kuvipiga vita.